Jengeni stesheni yenu juu ya ubao mmoja

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huja na taabu zake kwa sisi tunaoishi mijini. Watoto wamefungiwa ghorofani, uwanja wa kuchezea umegeuzwa maegesho ya magari, na runinga haina wa kuizima. Mzazi akirejea jioni analakiwa na ugomvi na kelele. Wengi wetu hukimbilia madukani kununua vitu vya kuchezea ambavyo, kabla ya juma kwisha, vimeshavunjika na kusukumwa chini ya kitanda.

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ya mikono inayoweza kuwashughulisha baba, mama, watoto na hata babu kwa miezi mingi bila kuchosha. Nayo ni ujenzi wa reli ndogo ya mfano pamoja na mandhari yake: stesheni, vilima, miti, barabara na watu wanaongojea gari moshi.

Najua mtakalosema. "Hayo ni mambo ya Wazungu wenye pesa." Ni kweli kwamba injini ndogo zinazokwenda kwa umeme si rahisi, na nyingi hutoka ng'ambo. Lakini wanaoijua kazi hii watakuambia kwamba treni yenyewe ni sehemu ndogo tu. Kinachomfanya mtu asimame na kutazama ni mahali penyewe. Na mahali pa kwenu hapauzwi dukani. Sharti mpajenge wenyewe, na vifaa vyake vingi mnavyo tayari nyumbani, hata kwenye pipa la taka.

Ilikotoka kazi hii

Mwaka wa 1891, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha treni ndogo za kutia ufunguo kwenye maonyesho ya biashara mjini Leipzig. Reli zake zilitengenezwa kwa vipimo maalumu ili mtoto aweze kuongeza kipande baada ya kipande. Huko Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza treni zake mwaka wa 1920. Wakati huo zilikuwa vitu vya watoto, zikizunguka juu ya zulia na kurudi kabatini.

Baadaye watu wazima waliingia. Mwingereza mmoja, John Ahern, alijenga reli aliyoiita Madder Valley. Badala ya kushughulika na reli na injini tu, alijenga bonde zima lenye mji, mto na vichochoro, treni ikiwa inapita tu ndani yake. Wengi wakamfuata.

Lakini anayenigusa zaidi ni Roye England. Huyu alikuwa kijana wa Australia aliyefika Uingereza mwaka wa 1925. Alipotembea vijijini aliona nyumba za kale za makuti ya nyasi zikibadilishwa na kubomolewa, na hakuna aliyejali. Hakuwa na pesa za kuzinunua wala uwezo wa kuwazuia wenyewe. Basi akaanza kuzipima, kuzipiga picha na kuzijenga upya kwa karatasi ngumu, kila mlango na kila dirisha mahali pake. Kutokana na kazi hiyo ilianzishwa Pendon, jumba la makumbusho lililoko kijiji cha Long Wittenham, mwaka wa 1954. Mtu akienda huko leo ataona bonde la Kiingereza jinsi lilivyokuwa miaka ya 1920 na 1930, ingawa sehemu kubwa ya bonde lenyewe imebadilika.

Na kama unapenda ukubwa, iko Miniatur Wunderland katika mji wa Hamburg, Ujerumani, iliyofunguliwa na ndugu wawili, Frederik na Gerrit Braun, mwaka wa 2001. Ina treni zaidi ya 1,000. Lakini msiogope. Sisi tunataka ubao mmoja tu.

Reli yetu nayo inahitaji shahidi

Sisi pia tuna la kuhifadhi. Reli ya Uganda, kama ilivyoitwa, ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na mwisho wa mwaka wa 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali tunapopaita Kisumu. Upana wake, kutoka chuma hadi chuma, ni meta moja. Miji yetu mingi, Nairobi ikiwamo, ilizaliwa na reli hiyo. Hata mikaratusi tunayoiona kila mahali ililetwa nchini mapema katika karne iliyopita ili kupata kuni za injini zake.

Mwaka wa 2017 reli mpya ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, ilizinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi, na abiria wakahamia huko. Stesheni mpya zinapendeza. Lakini je, mtoto wako anajua stesheni ndogo ya zamani ilikuwaje? Paa la mabati lililopakwa rangi, tangi la maji juu ya miguu ya chuma, ishara iliyoinua mkono, kibao chenye jina la mahali na kimo chake kutoka usawa wa bahari, na mama anayeuza mayai na ndizi dirishani mwa behewa. Kwa mtoto aliyezaliwa juzi hizo ni hadithi. Kwa babu yake, aliyesafiri usiku kucha katika daraja la tatu, ni maisha.

Mwanzo mzuri ni kutembelea Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Pale wamehifadhi injini za mvuke zilizoitwa Garratt, za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa zaidi ya meta 31, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Nendeni na daftari, penseli na utepe wa kupimia. Mtoto achore anachokiona na aandike vipimo. Akirudi nyumbani atakuwa na kitu cha kujengea, siyo kumbukumbu ya kusimama mbele ya chuma tu.

Hesabu kwanza

Wanafunzi, sasa nisikilizeni. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni 1 kwa 87. Maana yake, kila kitu hupunguzwa mara 87. Chukua upana wa reli ya SGR, milimita 1,435, ugawe kwa 87. Utapata karibu milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli ndogo zinazouzwa zaidi madukani. Sasa gawa reli yetu ya zamani, milimita 1,000, kwa 87. Utapata karibu 11.5. Reli iliyo karibu zaidi na hapo ni ya milimita 12, nayo hutengenezwa ng'ambo kwa ajili ya reli za milimani za Uswisi ambazo pia zina upana wa meta moja.

Kama reli ya milimita 12 imekushinda kupata, igeuze hesabu. Gawa 1,000 kwa 16.5 na jibu litakuwa kama 60. Hivyo ukiwa na reli ya kawaida ya milimita 16.5, jenga majengo na mabehewa yako kwa kipimo cha 1 kwa 60, na reli itakuwa ya karibu meta moja. Chukua gari dogo la umeme lililo rahisi, livue ganda lake, ulivishe ganda ulilounda wewe kwa karatasi ngumu.

Kwa kipimo cha 1 kwa 87, mtu wa sentimeta 170 atakuwa na kimo cha milimita 20 hivi. Mlango wa meta 2 utakuwa milimita 23. Ile Garratt ya meta 31 itakuwa na sentimeta 36, na hapo utaona mara moja kwa nini haifai kwa ubao mdogo: ikiingia stesheni hakuna kingine kitakachoingia! Tafuta injini fupi ya kupangia mabehewa.

Mzazi anayelalamika kwamba mtoto anapoteza wakati wa masomo, na aitazame hesabu hiyo. Huo ni uwiano, ni vipimo, ni jiometria, na mwanafunzi anaufanya bila kuchapwa.

Ubao na njia tatu

Wengi huanza kwa kutengeneza duara ili treni izunguke. Kwa nyumba zetu za vyumba viwili, duara halifai. Linataka ubao mpana unaojaza meza ya kulia chakula, na baada ya kuzunguka mara 10 mtoto amechoka.

Badala yake, tafuta ubao wa plaiwudi wenye urefu wa meta 1.5 na upana wa sentimeta 30. Upigilie fremu ya mbao nyembamba chini yake ili usipinde. Ukimaliza kuutumia jioni, unasimamishwa nyuma ya kabati au unalazwa juu yake.

Juu ya ubao huo weka mpango uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright, unaoitwa Inglenook Sidings. Ni njia tatu zinazokutana na kuwa moja. Njia ya kwanza inatosha mabehewa matano, ya pili matatu, na ya tatu matatu. Ile njia moja zinakokutana inatosha injini na mabehewa matatu, basi. Unahitaji pointi mbili tu, yaani mahali reli inapogawanyika.

Weka mabehewa manane ya aina mbalimbali. Andika nambari zake kwenye vipande vinane vya karatasi, changanya, na uchote vitano. Kazi yako ni kuyapanga mabehewa hayo matano katika njia ndefu kwa mfuatano uleule uliochota, ukiyavuta na kuyasukuma kwa injini bila kuyainua kwa mkono. Inaonekana rahisi, lakini jaribu! Wanafunzi wazidishe 8 kwa 7 kwa 6 kwa 5 kwa 4, wataona kwamba ipo mipangilio 6,720. Hata mkicheza kila siku, itapita miaka 18 kabla ya kuimaliza yote.

Na kama hamna hata shilingi ya reli, chora njia hizo tatu juu ya katoni leo jioni, na visanduku vinane vya kiberiti viwe mabehewa. Mchezo ni uleule. Aliyezishinda njia za katoni ndiye atakayezifaidi za chuma.

Ardhi kabla ya nyasi

Sasa tufike penye utamu. Amueni kwanza mahali mnapopajenga. Msiseme "stesheni" tu. Je, ni nyika ya upande wa Voi, yenye udongo mwekundu na mibuyu? Ni ukingo wa Bonde la Ufa, wenye miti mirefu na baridi? Ni Limuru ya majani chai? Ukichanganya vyote huwi na mahali popote. Chagua pamoja, uwe mwaminifu kwapo.

Kwa kilima, kata vipande vyembamba vya katoni, uvisuke kama mkeka juu ya magazeti yaliyofinyangwa. Juu yake bandika magazeti yaliyochanwachanwa na kuchovywa katika uji mzito wa unga wa ngano, tabaka tatu au nne, ukiacha kila moja likauke. Kisha paka plasta au gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na unga wa mbao. Usiwe na haraka. Kilima kibichi kikifunikwa huota ukungu, na nyumba nzima itajua.

Kikikauka, paka rangi ya udongo kila mahali kabla ya jani lolote. Hili ndilo kosa la wengi: wanapaka kijani kibichi mwanzo hadi mwisho kama kitambaa cha meza. Tazameni nchi yetu kutoka dirishani mwa basi. Udongo huonekana kati ya nyasi, nyasi za Agosti ni za manjano, na vilima vya mbali huonekana vya bluu-bluu. Basi rangi za nyuma ya ubao ziwe hafifu kuliko za mbele, na ubao mwembamba utaonekana mpana.

Udongo ni wa bure. Chukua ule mwekundu, uukaushe juani, uuchekeche kwa soksi ndefu ya mwanamke mpaka uwe laini kama unga. Kisha, na hili ni muhimu, pitisha sumaku juu yake. Udongo wetu mara nyingi una chembechembe za chuma, na injini ndogo ina sumaku ndani yake. Chembe hizo zikinyonywa, injini itakwama.

Kokoto za reli ni mchanga uliochekechwa. Umwage ukiwa mkavu kati ya mataruma, uupange kwa brashi ndogo. Changanya gundi nyeupe na maji kiasi sawa, ongeza tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kisha udondoshee kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ile sabuni huifanya gundi izame badala ya kusimama juu kama shanga. Usiguse mpaka kesho yake.

Miti haina haja ya kununuliwa. Sokota nyaya nyembamba za shaba kutoka kwa waya wa umeme uliotupwa, utenganishe ncha zake ziwe matawi, upake rangi, kisha ubandike vipande vya sponji ya godoro kuukuu vilivyokatwakatwa na kutiwa rangi. Mgunga utambae kama mwavuli, mkaratusi upande juu. Nyuzi za katani zilizokatwa fupi ni nyasi nzuri za nyikani.

Stesheni na mabati yake

Majengo hujengwa kwa karatasi ngumu ya manila au ya boksi la nafaka. Chora kuta zote zikiwa zimelala, kata madirisha kabla ya kuzikunja, na ukate kwa kupitisha kisu mara kadhaa polepole badala ya kukandamiza mara moja. Kwa paa la mabati, chukua foili ya jikoni, iweke juu ya kitana chenye meno ya karibu-karibu, uisugue kwa kidole. Mikunjo itatokea kama mabati halisi. Ibandike juu ya karatasi kipande kwa kipande, kama fundi anavyoezeka, kisha paka rangi ya kahawia kidogo penye misumari, kwani kutu huanzia hapo.

Sasa weka watu. Mama mwenye kikapu, askari, mtoto anayekimbia, mzee aliyekaa juu ya sanduku. Nyaya na nta ya mshumaa zinatosha. Watu wachache waliowekwa vizuri ni bora kuliko umati uliosimama wima kama gwaride.

Tahadhari kwa wazazi

Injini hizi hutumia umeme mdogo, kwa kawaida volti 12, unaopunguzwa na kifaa maalumu kutoka ule wa ukutani. Kifaa hicho kisifunguliwe na mtoto, wala kisitengenezwe na fundi wa kubahatisha. Kisu kiwe mikononi mwa mkubwa mpaka mtoto athibitishe adabu yake. Rangi na gundi kali zitumiwe dirisha likiwa wazi. Vumbi la mijini ni adui wa reli, kwa hiyo ubao ufunikwe kwa shuka kila jioni na chuma kipanguswe kwa kitambaa safi kabla ya kucheza.

Kuhusu pesa, wekeni kiasi kidogo kila mwezi na mnunue kitu kimoja kimoja. Pointi mbili mwezi huu, behewa mwezi ujao. Injini inaweza kuja mwisho, mahali pake pakiwa tayari panaingojea.

Na wewe baba, usimnyang'anye mtoto kazi kwa sababu mkono wako umenyooka zaidi. Nyumba yake ikienda upande, iache. Baada ya miezi sita atajenga nyingine, na ataona mwenyewe alikotoka.

Mzee asiachwe nje

Nimemwacha babu mwisho makusudi. Huyo ndiye mwenye ramani ambayo haimo katika kitabu. Mleteni akae kando ya ubao mumuulize: Tangi la maji lilikuwa upande gani wa stesheni? Kengele ilipigwa mara ngapi? Wauzaji walikaa wapi, na waliuza nini? Ukuta ulikuwa wa rangi gani? Mabehewa ya mizigo yalibeba nini, pamba au mahindi? Andikeni majibu yake, tena na tarehe.

Mnaweza kumuuliza mzee kuhusu maisha yake akawajibu kwa maneno matatu. Lakini mwekeeni mbele stesheni ndogo yenye tangi lililo upande usio wake, muone kama atanyamaza! Atasogeza kiti, atavaa miwani, atasema, "La, wanangu, halikuwa hapo." Na hapo ndipo mtakaposikia mambo ambayo hata mama yenu hajapata kuyasikia.

Stesheni za zamani zitaendelea kubomoka au kubadilishwa matumizi, na wazee waliozijua hawatakaa milele. Roye England hakungoja serikali wala tajiri. Alianza na karatasi na utepe wa kupimia. Nyinyi mna hivyo vyote, na mna babu.

Kwa leo nakomea hapo. Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya kuunda tiara zinazopaa kweli, kwa wale wenye uwanja. Kwaheri ya kuonana.